Mtoto wa Jirani

Kila asubuhi dada wawili walitoka nyumbani pamoja kwenda shule. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na minne, lakini kichwa chake kilimfikia mdogo wake begani. Alikuwa amerithi kwa baba yao, fundi cherehani, hali ya nadra inayofanya mifupa isirefuke kama ya watu wengine. Akitembea haraka magoti yalimuuma, kwa hiyo mdogo mtu alimbebea mkoba.

Siku moja, karibu na lango la shule, mwanafunzi mgeni alimuuliza mdogo mtu, "Huyo mtoto anayekufuata ni nani?"

"Mtoto wa jirani."

Alipogeuka, dada alikuwa amesimama nyuma yake. Alinyoosha mkono, akachukua mkoba wake.

Siku hiyo mdogo mtu hakusikia somo hata moja. Saa ya kutoka alisubiri langoni, kumbe dada alikuwa ameshaondoka peke yake. Alimkuta kwenye ngazi za kuteremkia mtaani kwao, ameketi, goti limevimba.

"Nikusaidie?"

"Kamwite jirani," dada akasema. "Si mimi mtoto wake?"

Mdogo mtu alitamani ardhi ipasuke. Alikimbia hadi kibandani kwa baba, akamweleza yote, hata yale maneno. Baba aliacha suruali ya mteja kwenye cherehani. Walimshika dada huku na huku, wakamwongoza mpaka nyumbani, na mama akamkanda goti kwa maji baridi.

"Nisamehe, dada," mdogo mtu akasema.

"Mimi ulinikana mbele za watu," dada akajibu. "Mbona msamaha unaniomba chumbani?"

Usiku huo usingizi ulimpaa mdogo mtu. Dada alipopona wakarudi shule, na mdogo mtu, dada akiwa kando yake, akamfuata yule mgeni katikati ya wenzake. Akamwambia, "Nilikudanganya. Huyu ni dada yangu mkubwa. Nilimwonea haya."

Mgeni aliwatazama, kisha akasema, "Basi shikamoo, dada."

Dada akacheka. "Marahaba. Ukue."

Jioni baba alipopata habari za msamaha huo, alimketisha mdogo mtu kando yake. Bado hakuweza kumtazama baba usoni.

"Dada yako hakuchagua mifupa yake, wala mimi sikuchagua yangu," baba akasema. "Ufupi hauna aibu yoyote, mwanangu. Maneno yako wewe uliyachagua. Siku nyingine yachague vizuri."