Mbuzi Haingii Kwenye Ramani

Fundi alishona, mumewe akapiga pasi. Ndivyo walivyoianza kila siku, cherehani ikilia na mume akiimba kwa sauti mbaya. Watu walimwita Twende. Kila akiulizwa njia alijibu, "Twende, naijua!" hata kama haijui.

Walikuwa wamehamia mtaa mpya. Chumba kilikuwa kikubwa, chenye mwanga tele. Shida ilikuwa moja tu: wateja hawakuweza kufika.

Asubuhi hiyo simu iliita. Alikuwa bibi harusi. Gauni lake jeupe lilining'inia ukutani, limebaki kujaribiwa na kupindwa pindo la chini.

"Fundi, nimepotea tena!"

"Hukufuata mchoro wa njia aliokutumia Baba Watoto?"

"Nimeufuata! Unasema nipinde kulia penye mbuzi mweupe. Mbuzi ameondoka! Nimemfuata mpaka jalalani!"

Twende akaweka pasi kando. "Mwambie naja kumchukua."

"Nimemsikia. Asije!" alisema bibi harusi. "Juzi alinichukua, tukapotea sote wawili. Fundi, harusi ni keshokutwa. Kesho asubuhi nakuja kwa mara ya mwisho. Nikikosa njia, naolewa nimevaa gauni la kuazima."

Simu ikakatika. Fundi alilitazama gauni, machozi yakamlengalenga. Lilikuwa gauni lake la kwanza la harusi tangu wahamie hapo, na alilishona kwa moyo wote.

"Baba Watoto, umeniponza," alisema.

Jirani yao, mwalimu wa jiografia, alikuwa amekuja kuchukua sketi yake. Aliuona mchoro mezani. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, hii ni ramani kweli?"

"Ina kasoro gani, Mwalimu?" aliuliza Twende.

"Ramani ni picha ya mahali, kama vile unapatazama kutoka juu. Weka vitu visivyohama: daraja, shule, kisima. Mbuzi ana miguu! Halafu hii njia ya kupanda kilima, mbona ndefu hivi? Na ya kushuka mbona fupi?"

"Kupanda kunachosha, Mwalimu. Kushuka unajikuta umefika."

Fundi alikuwa amekasirika, lakini kicheko kilimtoka.

"Ramani haijui uchovu," alisema Mwalimu. "Fundi, ukichora gauni kwenye karatasi ndogo, unafanyaje?"

"Napunguza kila kitu kwa kiasi kilekile. Siwezi kupunguza kiuno nikaacha mikono."

"Basi hiyo ndiyo skeli. Tuseme upana wa kidole kimoja kwenye karatasi ni hatua mia barabarani. Iwe hivyo njia nzima. Na huku kulia ni kulia kwa nani? Kwa anayetoka sokoni au anayetoka darajani?"

Twende aliugeuza mchoro huku na huku.

"Ndiyo maana tuna pande kuu nne. Hata ukigeuka, zenyewe hazigeuki. Njooni uani."

Jua lilikuwa bado chini. Mwalimu akamwambia Twende alielekee na kutanua mikono.

"Jua linachomoza mashariki. Mgongoni kwako ni magharibi. Mkono wa kushoto ni kaskazini, wa kulia ni kusini."

"Kumbe mlango wetu unatazama kusini!" alisema Fundi. Alifurahi kama mtu aliyeokota pete.

Wakaenda darajani, wakarudi wakihesabu hatua. Twende alisalimia kila mtu, hesabu ikampotea, akarudishwa kuanza upya. Mwishowe wakakuta kupanda na kushuka kilima ni hatua sawasawa.

"Miguu yangu imenidanganya miaka yote hii!" alisema.

Fundi akachora ramani mpya. Juu aliweka mshale wa kaskazini. Pembeni aliandika ufunguo: mistari miwili ni daraja, kibendera ni shule, duara ni kisima, mkasi ni nyumba yao. Chini akaandika skeli. Wakaipiga picha, wakamtumia bibi harusi.

Kesho yake Fundi alishindwa kushona. Alikaa, akasimama, akachungulia mlangoni. Mara akasikia kigelegele nje.

"Nimefika! Fundi, nimefika peke yangu!" Bibi harusi aliingia akihema. "Nilishuka darajani, nikaelekea jua. Kushoto kwangu ikawa kaskazini. Nikaenda kaskazini vidole vitatu, yaani hatua mia tatu, shule hii hapa! Nikafuata mashariki, kisima hiki hapa!"

Alilivaa gauni. Lilimkaa sawasawa. Fundi akamkumbatia, wakalia na kucheka pamoja.

Kuanzia siku hiyo kila mteja alitumiwa ramani ile. Wengi walikuja, na hakuna aliyepotea.

Lakini asubuhi ileile, kabla bibi harusi hajaondoka, alimgeukia Twende.

"Baba, nakuomba unichoree nyingine, ya kwenda kwenye ukumbi wa harusi. Bwana harusi ni mgeni hapa."

Twende akachukua penseli, akatoka mbio kwenda kuhesabu hatua. Safari hii hakumsalimia mtu.

Siku ya harusi, bwana harusi aliifuata ramani ya Twende, akawahi mno. Alikuta ukumbi mtupu, akavua koti, akasaidia kupanga viti.