Kiganja Kimoja Kutoka Sakafuni

Jumamosi saa sita mchana mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme ulikuwa umefurika watu hadi hewa yenyewe ilikuwa ya kugombania. Spika za maduka matatu zilipiga nyimbo tatu kwa mpigo, kila moja ikitaka kuizima mwenzake. Katikati ya vurugu hiyo alikuwa akipenya dada mmoja mwembamba, amevaa suruali ya jinzi iliyopauka magotini na fulana nyeusi, nywele kazifunga kwa kitambaa cha rangi ya machungwa. Begani alining'iniza begi la kamera. Kwapani alibana stendi mbili za taa na mwavuli mweupe wa kupigia picha. Alikuwa akitafuta betri za flashi, na alikuwa amechelewa.

Muuzaji mmoja alimwita kwa nyuma. Akageuka ghafla, na stendi nazo zikageuka pamoja naye.

"Mama yangu!"

Kijana mrefu aliyekuwa karibu yake alikwenda chini, mikono yote miwili kwenye goti la kulia.

"Jamani, pole! Pole sana kaka yangu, sikukuona!"

"Hukuniona? Na urefu wote huu?" Kijana alikuwa anacheka, ila meno yalikuwa yameumana. "Dada, hivyo vyuma unavyo kihalali kweli?"

"Lakini nimekugusa tu."

"Wewe ukimgusa mtu, ndugu zake waanze kuchanga."

Aliinuka kwa kushikilia meza ya muuzaji, akajipangusa shati lake jeupe lililokunjwa mikono hadi kwenye viwiko, akautazama ule mwavuli. "Na jua lote hili, wewe unaogopa mvua ya wapi?"

"Ni mwavuli wa taa. Mimi ni mpigapicha."

"Ahaa. Basi, Fundi, siku nyingine ukikata kona piga honi."

Akapotelea kwenye umati. Fundi alifika mwisho wa mtaa ndipo akakumbuka kwamba hakununua betri.

Jumatatu iliyofuata alikuwa na kazi mpya. Kikundi kimoja cha dansi kilikuwa kinajiandaa kwa onyesho kubwa, na kilitaka picha za mabango. Mwenye kikundi alikuwa mama wa makamo, mgongo umenyooka kama mlingoti, ambaye wote walimwita Mwalimu. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, na hilo ndilo lililowatisha wachezaji wake. Alimpokea Fundi mlangoni mwa ukumbi, akamwelekeza kwa kidevu.

"Yule pale ndiye mchezaji wangu mkuu. Wanamwita Springi. Na yule binti ndiye anayecheza naye, Unyoya."

Springi aligeuka. Macho yakagongana.

"Mwalimu," alisema bila kucheka, "huyu dada ni hatari. Mimi nimeshaonja."

Ukumbi mzima ulicheka, na Fundi aliona uso wake ukipata moto hadi masikioni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuviziana. Fundi alisimamisha flashi moja kushoto ndani ya mwavuli, nyingine nyuma kulia ili iwachore wachezaji ukingo wa mwanga mabegani. Mwanga wa flashi ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Ukiuachia kwa wakati wake, hata jasho husimama hewani tone kwa tone. Ukichelewa kidogo tu, unapata mtu anayeanguka. Springi alijifunza kuhesabu naye. "Moja, mbili, hewani!" Taa zilipasuka, naye akaonekana kwenye kioo cha kamera akiwa amelala juu ya hewa kama mtu aliye kitandani mwake.

"Nionyeshe," alisema akija kusimama nyuma ya bega lake, anahema. "Ala! Huyo mzuri hivyo ni nani?"

"Ni taa tu hizo. Usivimbe kichwa."

"Na wewe nani anakupiga picha, Fundi?"

"Hakuna."

"Basi huo ni uonevu."

Haikupita wiki, simu zikaanza. Umefika? Umekula? Mbona sauti hiyo, nani kakuudhi nikamrukie? Dada yake Fundi, muuguzi wa wodi ya mifupa, ambaye walikaa pamoja kwenye nyumba ya ghorofa ya nne, alikuwa akimtazama mdogo wake akiongea na simu huku anafuta lenzi ile ile kwa mara ya tano.

"Huyo anayekufanya ucheke na ukuta nitamwona lini?"

"Dada nawe! Ni kazi tu."

"Kazi gani inaitwa 'mpenzi'? Nina masikio mimi."

Jumapili asubuhi Fundi alifungua kompyuta mezani, akamwonyesha kwa mara ya kwanza. Dada alizipitia picha kikombe kikiwa mkononi, akasifu urefu, akasifu meno. Kisha akarudi nyuma picha kumi. Akaweka kikombe chini.

"Mdogo wangu, huyu mtu anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Angalia anavyotua. Hapa mguu wa kushoto. Hapa kushoto. Hapa tena. Wa kulia anauweka kama anayekanyaga kaa la moto. Goti hilo limekwisha, na yeye anajua."

Fundi alizitazama picha zake mwenyewe kama hajawahi kuziona. Akakumbuka pale mtaani: jinsi mtu mzima alivyoangushwa na mguso wa stendi.

Siku ya pili alimvuta Springi kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi, palipokuwa na viti vibovu na ndoo za kudekia. Springi alijaribu mzaha. Ulipogoma, aliketi, akakunja suruali. Chini yake kulikuwa na bandeji iliyobanwa hadi nyama imefura juu na chini.

"Miezi minne sasa," alisema. "Nakunywa dawa za maumivu kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi. Siku ya onyesho wanakuja watu wa kuchagua wachezaji wa ziara ya miaka miwili nje ya nchi. Miaka miwili, Fundi! Mama amekaa kwenye cherehani tangu niko tumboni ili mimi nicheze. Zimebaki wiki mbili tu. Nikishachaguliwa nitatibiwa."

"Mwalimu hajui?"

"Akijua ananitoa siku hiyo hiyo. Niapie hutasema. Niapie, mpenzi."

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo wakiwa uso kwa uso. Fundi akaapa.

Tangu siku hiyo taa zikahama. Alizipeleka zote upande wa kushoto wa Springi, kivuli kikaangukia mguu wa kulia, na picha zikazidi kupendeza. Mwalimu alizisifu. Kila aliposifiwa, Fundi aligeukia stendi zake akajifanya anazikaza.

Alhamisi walifanya mruko mgumu kuliko yote. Unyoya alikuja mbio, Springi akamrusha juu. Binti alijizungusha hewani mara moja, kisha alitakiwa kudakwa kiunoni, kichwa kikiwa chini, huku Springi akishuka taratibu juu ya goti la kulia. Waliufanya mara mbili bila kasoro. Mwalimu akatoka nje kupokea simu.

"Mara ya mwisho!" Springi aliita. "Fundi, uko tayari?"

"Niko tayari."

Mbio. Juu. Fundi akabonyeza.

Mwanga ulipozima alisikia kishindo na kicheko. Unyoya alikuwa amekaa sakafuni akijishika kisogo. "Kaka, leo umeninusisha vumbi!" Wenzake wakacheka. Springi naye akacheka, amesimama kwa mguu mmoja.

Fundi hakucheka. Alikuwa anaangalia kioo cha kamera. Mwanga ulikuwa umewakamata pale hasa: goti limefyatuka kwenda ndani, mikono ya Springi imelegea, na kichwa cha Unyoya kikiwa kiganja kimoja tu kutoka sakafuni, macho yamemtoka pima. Jambo lililomkata maini ni uso wa Springi. Hakuwa anamtazama binti aliyekuwa anaanguka. Alikuwa anatazama goti lake.

Alimsubiri kwenye zile ngazi, akampa kamera. Springi alitazama kwa muda mrefu.

"Futa."

"Sifuti."

"Fundi, ni picha moja! Kesho nitafunga vizuri, nitaongeza dawa..."

"Nenda kamwambie Mwalimu. Kesho saa nne naleta picha zote ofisini kwake. Ikifika saa hiyo hujasema, nitasema mimi."

"Uliniapia!"

"Niliapia goti lako. Sikuapia shingo ya Unyoya."

Springi alisimama. "Kumbe nilikuwa nampenda askari," alisema, akateremka ngazi kwa kushika ukuta.

Ijumaa Fundi alimpigia mara sita, simu haipatikani. Saa nne kasoro dakika tano alikuwa kwenye korido ya ofisi, kompyuta kaikumbatia kifuani. Kabla hajagonga, mlango ulifunguliwa. Springi alitoka na begi lake begani, lile la nguo za mazoezi. Macho yalikuwa mekundu.

"Hukuweza kusubiri hata saa nne ifike?"

"Sija..."

"Hongera. Nimetolewa. Usinipigie tena."

Akampita. Fundi alimfuata hatua mbili, kisha akageuka akaingia ofisini. Ndani, Mwalimu alikuwa amekaa nyuma ya meza, amevua miwani.

"Kama umeleta habari ya goti, nimeshaipata," alisema taratibu. "Jana jioni."

"Nani amekuambia, Mwalimu?"

"Aliyeniambia aliniomba nisimtaje, na sitamtaja."

"Lakini yeye anadhani ni mimi!"

Mwalimu alimtazama. "Na wewe, mwanangu, ulikuja kufanya nini hapa?"

Fundi aliondoka na kompyuta yake bila kuifungua.

Onyesho lilipita. Nafasi ya Springi ilichukuliwa na kijana mwingine, mzuri, mwangalifu, ambaye hakuna aliyezuia pumzi alipokuwa hewani. Fundi alipiga picha akiwa pembeni mwa jukwaa, flashi zimezimwa kama ilivyo sheria ya maonyesho, maana mwanga wa ghafla humpofusha mchezaji. Alipiga picha mia tatu. Hakuna hata moja iliyomgusa moyo. Watu wa ziara walichagua wachezaji wawili kutoka kikundi kingine, wakaondoka.

Nyumbani aliacha kula vizuri. Simu ikilia anairukia, ni mteja. Dada yake alinyamaza wiki nzima, akashindwa.

"Mpigie umwambie si wewe."

"Nitamwambia si mimi halafu nini? Nilikuwa mlangoni, Dada. Mkono ulikuwa umeshainuka kugonga."

"Basi mwambie hivyo hivyo."

"Amesema nisimpigie."

"Na wewe leo ndiyo umekuwa mtiifu!"

Wiki ya tatu baada ya onyesho, Jumapili alasiri, mvua ilikuwa imekatika na Fundi na dada yake walikuwa wamefungua madirisha. Kwenye ngazi za jengo kulisikika mlio wa ajabu: tak, kimya, tak, kimya. Ulichukua muda mrefu kupanda. Kisha mlango ukagongwa.

Dada ndiye aliyefungua. Alimtazama mgeni kuanzia juu: shati jeupe limelowa jasho, magongo mawili kwapani, mguu wa kulia umefungwa kuanzia pajani hadi kwenye ugoko.

"Wewe ndiye goti," alisema.

"Shikamoo, dada. Ndiye mimi. Yupo?"

"Marahaba. Ghorofa nne na mguu huo? Nani kakuruhusu? Ingia ukae kabla sijakuitia gari la wagonjwa." Akaelekea jikoni, akafungulia bomba kwa nguvu ili waone kwamba hasikilizi.

Fundi alisimama katikati ya sebule na kanga kiunoni, kitambaa cha kufutia lenzi mkononi. Springi hakukaa.

"Nimepasuliwa wiki mbili zilizopita," alisema. "Daktari anasema mruko mmoja zaidi na mguu usingekunjika tena. Kucheza, labda. Kufundisha watoto, Mwalimu ameshaniita. Jana Unyoya alikuja kuniona, analia. Ni yeye aliyesema. Aliogopa kurushwa tena na hakuthubutu kuniambia mimi. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Usiniombe."

"Nilikusingizia, Fundi."

"Hukunisingizia sana. Ningesema. Ulinikuta mlangoni, ungechelewa dakika tano ungenisikia nikisema." Alikikunja kitambaa cha lenzi. "Kama umepanda ngazi zote hizo kwa sababu umeambiwa si mimi, basi shuka. Sitaki unipende kwa hilo."

Gongo moja liliteleza likaanguka, hakuna aliyeliokota.

"Wiki zote zile nilijiuliza kama naweza kuishi na mtu atakayenisema," alisema Springi. "Unyoya alipoondoka jana nikajua nimekuhukumu bure. Nikadhani nitafurahi. Sikufurahi. Nilikuwa bado naiona ile picha. Binti wa watu anaanguka na mimi naangalia goti. Ungenyamaza, kesho yake ningemrusha tena. Najijua. Nikaona ninayemhitaji ni huyo huyo aliyesimama mlangoni. Sikuja kwa sababu ya alichosema Unyoya." Alivuta pumzi. "Sina ziara, na kupiga goti siwezi, unaona mwenyewe. Lakini nataka kwenda kwa wazazi wako. Utaniruhusu?"

Nje watoto wa ghorofa ya chini walikuwa wakipigiana kelele. Machozi yalimtoka Fundi bila kwikwi, akayaacha yashuke. Springi, kwa gongo moja, alikuwa ameanza kutetemeka mguu mzima, na bado hakukaa.

Jikoni bomba likafungwa.

"Mjibu, jamani!" Dada alipaza sauti. "Maji yanaisha kwenye tangi, na huyo atadondoka!"

Fundi alicheka, kicheko kilichochanganyika na kilio, akavuka sebule, akaingiza bega lake chini ya mkono wa Springi ili lichukue uzito.

"Twende," alisema. "Lakini mimi kunyamaza sijui."

"Najua," alisema Springi, akamwegemea.