Mlima wa Chania kwa Gia ya Tatu

Kila Jumamosi ya mwaka ule wa 1959, Nekoye alikuwa akiosha magari katika gereji ya Bwana Kaleli mjini Thika, ambako baba yake, Dismas, alikuwa fundi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na ulimi wake haukumwogopa mtu.

Asubuhi moja alikuja Mwalimu Macharia, mkaguzi wa shule. Alitaka gari dogo la siti mbili la kumfikisha kila siku kwenye shule za ng'ambo ya mto Chania. Kaleli alikuwa na mawili ya kuuza, jekundu, lenye bei kubwa zaidi, na la kijani.

"Chukua hili jekundu," Kaleli alimwambia. "Linakimbia maili tisini kwa saa! Twende ukalijaribu kwenye barabara ya viwandani." Wateja wote aliwapeleka huko, kwa kuwa ni tambarare.

"Mwalimu, mlimani hilo halivuti," Nekoye alisema.

"Nyamaza! Neno moja tena, baba yako atatafuta kazi kwingine."

Dismas aliinamia injini. Bila mshahara ule wangefunga virago kurudi Bungoma, na Nekoye alijua. Lakini hasira ilizidi hofu.

"Sinyamazi, Bwana Kaleli! Nimepanda yote mawili na baba. Jekundu hupata nguvu injini ikipiga makelele tu. La kijani huvuta injini ikiwa imetulia, kwa mwendo wa kati, huo wa kila siku. Mwalimu apande mlima wa Chania kwa gia ya tatu, asibadilishe, aone mwenyewe."

Macharia alipakia sanduku lake la vitabu katika gari jekundu, akaondoka na Nekoye. Walipovuka daraja na kuanza kupanda, gari jekundu lilitetemeka, likakohoa, likazimika katikati ya mlima. Waliliwasha tena, wakarudi wakachukua la kijani. Hilo lilipanda polepole bila kulalamika mpaka juu, wakasikia hata wauza mananasi wakiwaita.

"Nachukua la kijani," Macharia alisema waliporudi gerejini. "Na litatengenezwa na Dismas tu. Siku nisipomkuta hapa, nahamia gereji nyingine."

Kaleli alinuna, akaenda kuleta ufunguo.

Dismas alipangusa mikono yake yenye grisi. "Mlima ule naujua kuliko wewe, Nekoye. Niliogopa kufukuzwa, nikaacha mtu adanganywe mbele yangu. Kusema kweli ilikuwa kazi yangu, ukaifanya wewe. Usiache kuisema, mwanangu, hata siku nitakayokunyamazisha mimi."