Bunduki Niliyoificha Ndani ya Wimbi

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na sita, mkulima wa chai huku karibu na Ikonge, Nyamira. Mume wangu yuko gerezani. Shemeji yangu yuko kaburini. Na mimi niko huru, nachuma chai kama mtu asiye na hatia... Hatia ninayo!

Baba mkwe alituachia bunduki kuukuu. Aliinunua kwa siri enzi za wizi wa ng'ombe, akafa bila leseni wala majuto. Siku moja chifu aliitisha baraza, akatangaza kwamba atakayesalimisha silaha kwa hiari hatashtakiwa. Mume wangu, Ombati, alitaka tuipeleke. Hakuipenda kamwe.

Mimi na mdomo wangu! Nilisimama pale barazani nikauliza kama wezi nao wamealikwa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nyumbani nikamwambia Ombati kuwa sheria hizi huwanyang'anya watu wema tu. Mwizi akija tutampigia makofi? Akaniachia niiweke mwenyewe. Nikaizika bunduki ndani ya mtungi wangu mkubwa wa nafaka ya wimbi. Kwa mila yetu mtungi wa mke ni wa mke, na Ombati hakuwahi kuutia mkono, hata awe na njaa ya namna gani. Nilijiona mjanja kweli...

Miaka mitatu ikapita. Mwizi hakuja hata mmoja.

Aliyekuja ni Nyaundi, mdogo wake Ombati. Shamba lake na letu yalitenganishwa na mstari mmoja wa chai, na kila msimu walizozana nani auchume. Walishapigana ngumi, walishapigana fimbo. Mama yao aliwaita, wakala ugali sahani moja, yakaisha.

Jumapili moja, siku ya kazi kwetu Wasabato, Ombati alimkuta Nyaundi ameuchuma mstari wote, kikapu kimejaa. Akarudi nyumbani mbio, akaniita kwa jina la binti yetu.

"Mama Kemunto, nitolee ile kitu. Namtisha tu."

Jamani! Ningekataa, angefanya nini? Lakini nami nilikuwa nimechoshwa na dharau za Nyaundi. Nikaitoa, nikaipangusa punje za wimbi kwa leso yangu, nikampa.

Nilisikia mlio mmoja. Nilipofika, Nyaundi alikuwa ameangukia kikapu chake. Ombati amepiga magoti, anamwita kwa jina lao la utotoni, anambembeleza aamke... Hakuamka.

Polisi waliponiuliza, nilisema sijui bunduki ilitoka wapi. Ombati alinitazama, akainamisha kichwa. Mpaka leo hajanitaja. Nililia kwa aibu, lakini mdomo ule mkubwa wa barazani haukufunguka!

Mama mkwe aliniambia neno moja tu: "Fujo za fimbo niliziweza. Hii ya bunduki nifanyeje?"

Bado watu hubishana kama sheria kali za bunduki huzuia vifo. Ya nchi nzima sijui. Ya boma langu nayajua. Hasira zingekuwepo vilevile. Nyaundi angechuma, Ombati angempiga fimbo, na jioni wangekula ugali. Kama ningeitii ile sheria niliyoicheka, leo mama yule angekuwa na wanawe wawili.

Ndugu zangu, kama umeficha chuma nyumbani, kipeleke leo. Usiseme ni cha mwizi. Mwizi humjui, lakini atakayekufa pengine umemsalimia asubuhi hii.

Mama mkwe nimemweleza yote. Alilia sana, kisha akaniuliza nitaondoka saa ngapi kwenda polisi. Kesho tunakwenda sote wawili kituoni, nikaseme ni nani aliyeitoa bunduki mtungini.