Cheti cha Mwalimu Okari

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya gwaride, mimi na rafiki yangu Bochaberi tulijificha nyuma ya tangi la maji. Alinisomea ukurasa wa siku hiyo mara tatu, nami nikaushika wote kichwani. Darasani niliinuka, nikatembeza kidole juu ya mistari na kukariri kama kasuku. Nilikuwa Gredi ya Sita katika shule moja karibu na Sori, na sikuweza kusoma hata jina la shule langoni.

Mwalimu wetu, Okari, alijua. Ofisi ya elimu ilikuwa imeagiza kila shule iwe na mwalimu aliyefunzwa kuwasaidia wanafunzi wenye disleksia, yaani watoto wenye akili timamu ambao kusoma kunawawia vigumu kuliko wenzao. Mafunzo ya siku tano yalifanyika Rongo. Mwalimu Okari alirudi na cheti, akakitia kwenye fremu, akaazima nyundo na kukipigilia juu ya ubao. Kila asubuhi alikipangusa vumbi kwa leso yake. Mimi aliniweka dawati la nyuma, akaniita gogo, na nikikosea aliliambia darasa linizomee. Hayo ndiyo aliyojifunza Rongo? Nilimdharau, na sioni haya kusema hivyo.

Jumatatu moja alisikia kwamba afisa angekuja Jumatano kukagua kazi ya walimu waliopata mafunzo. Akaniita kando.

"Mourine, afisa akija Jumatano utasoma ukurasa wa arobaini na mbili. Huo tu. Bochaberi akusomee mpaka ukuingie kichwani."

"Na akinipa ukurasa mwingine, mwalimu?"

"Ukiniaibisha, Alhamisi utakaa Gredi ya Tatu na mdogo wako Levis. Umesikia?"

Jioni nilimkuta mama akianua omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu za kukaushia. Nilimweleza yote, hata siri ya tangi.

"Nyathina, mwanangu," mama alisema, "wewe si mjinga. Wateja wangu wote unawajua kwa majina, na kila mmoja anataka omena wa aina gani. Lakini ukimdanganya huyo mgeni, ataandika kwamba umeshapona. Nani atakusaidia tena?"

Swali hilo lilinichoma. Kukaa na Levis niliogopa sana, ila kubaki hivi maisha yangu yote niliogopa zaidi.

Jumatano afisa alifika, mwanamke mfupi aliyeitwa Madam Werema, viatu vyake vimejaa matope. Mwalimu Okari alikuwa amevaa tai.

"Madam, huyu Mourine alikuwa hajui hata irabu," alitangaza. "Yale mafunzo nimeyatumia, sasa anasoma kama mtangazaji wa redio. Mourine, simama!"

Nilisimama. Ukurasa wote ulikuwa mdomoni. Nilisema sentensi mbili, kisha nikafunga kitabu.

"Madam, mimi sisomi. Nimekariri. Nimesomewa nyuma ya tangi."

Mwalimu Okari akacheka kicheko kikavu. "Huyu mtoto ni mkaidi sana, Madam."

"Tumwache mtoto," alisema Madam Werema. "Niambie jambo moja tu mlilofundishwa siku ya tatu."

Mwalimu alitazama cheti chake ukutani, akidhani labda kingemnong'onezea. "Tulifundishwa mengi."

"Siku ya tatu nilifundisha mimi. Sikukuona. Lakini kwenye orodha ya mahudhurio una sahihi tano, siku zote tano."

Hapo shingo ya Mwalimu Okari ikalegea. Alikiri kwamba alitia sahihi zote asubuhi ya kwanza, akanywa chai, akaondoka. Lori la miwa lilikuwa linakuja shambani kwake. Siku ya mwisho alirudi kuchukua cheti na kupiga picha.

Madam Werema alikishusha cheti yeye mwenyewe.

"Wewe na huyu msichana mmefanya kosa moja," alisema. "Mmejifanya mnajua msichojua. Ila yeye ni mtoto, alikuwa anaogopa, na amesema ukweli bila kuulizwa. Wewe mtu mzima nimekubana ndipo ukasema. Aibu!"

Likizo ya Aprili Mwalimu Okari alirudi Rongo, akakaa kiti cha mbele siku zote tano. Shule ilipofunguliwa alikuja darasani na sinia la mchanga wa ziwani. Tukachora herufi kwa kidole huku tukitamka sauti zake, mimi na wenzangu wawili ambao nao, kumbe, walikuwa wakikariri. Kwenye mitihani alitusomea maswali, tukajibu. Gogo hakuniita tena.

Muhula wa tatu Madam Werema alikuja na cheti kipya. Mwalimu Okari akanyoosha mkono, lakini Madam alinipa mimi.

"Msomee mwalimu wako. Ukishindwa, narudi nacho."

Nilisoma polepole, neno moja baada ya jingine. Jasho lilimtoka mwalimu kuliko mimi. Nilipofika kwenye jina lake nilipumua, nikalisoma lote.

"Sasa umefuzu," Madam alimwambia. "Na mkumbuke nyote: kazi ambayo hujaifanya, hakuna karatasi itakayokufanyia."

Mwalimu Okari alikipokea cheti, akakitia ndani ya mkoba wake. Safari hii hakuulizia nyundo.