Kinyozi Aliyerudishwa Mpakani

Mzee Kinyozi hakuwa na nywele hata moja, ingawa alinyoa vichwa vya wenzake kwa miaka arobaini. Hakuwa na jino la mbele. Hakuwa na mke, alimzika zamani. Hakuwa na mjukuu. Na tangu binti yake wa pekee aolewe nchi jirani, hakuwa na mtu wa kugombana naye asubuhi.

Pasipoti alikuwa nayo. Aliingia kwa viza ya utalii, akakaa kwa binti mpaka siku zikaribie kwisha, akarudi nyumbani kidogo, kisha huyo tena safarini. Alifanya hivyo mara tatu. Mara ya nne binti alikuwa na mimba ya miezi sita, na mzee alijiapiza kwamba mjukuu wake wa kwanza hatazaliwa yeye akiwa mbali.

Mpakani, afisa uhamiaji, mwanamke mwenye sauti ya upole, alifungua pasipoti ukurasa baada ya ukurasa. Alihesabu mihuri kwa ncha ya kalamu.

"Baba, katika miezi kumi iliyopita umelala kwenu siku thelathini na tatu tu."

Mzee aliinama kuitazama mihuri. Yeye mwenyewe hakuijua hesabu hiyo. Kumbe kijitabu kisichozidi kiganja kilikuwa kikimtazama akienda na kurudi, na hakikusahau hata siku moja.

Kisha mkoba ukafunguliwa: mashine ya kunyolea, mikasi miwili, vitana, aproni. Afisa akauliza kama watalii siku hizi hutembea na aproni. Mzee akajibu kwa fahari kwamba kinyozi haachi vifaa vyake, tena majirani wa binti walikuwa wakimsubiri. Kila mmoja humpa alichojaliwa.

Hapo akawa amejichongea. Alirudishwa kwa basi lile lile lililomleta.

Nyumbani alimwendea Mama Muhuri, jirani aliyestaafu kazi ya uhamiaji. Alikuwa shoga wa marehemu mkewe, hivyo hakumwonea haya.

"Shemeji, wewe hukuwa mtalii. Ulikuwa unahamia kwa kunyata."

Mama Muhuri alicheka, kisha akaacha kucheka. Alimweleza kwamba viza si ahadi ya kuingia. Afisa wa mpakani huamua kila safari. Anayeingia mfululizo huonekana anaishi huko. Na kunyoa watu kwa malipo, hata yawe mayai, ni kazi, na viza ya utalii si ya kazi. Kila nchi ina sheria zake, kwa hiyo ubalozi huulizwa kwanza.

"Sasa nifiche kwamba nilirudishwa?"

"Ukificha, umekwisha. Andika yote."

Basi akaomba kibali cha kutembelea familia. Aliambatisha barua ya binti, tiketi ya kurudi na leseni ya kibanda chake cha kunyolea, ionekane ana kwao. Alieleza kurudishwa kwake na kunyoa kwake, bila kupunguza neno.

Wiki ya tano jibu likaja: siku sitini. Alilisoma mara tatu, amesimama. Ukurasa mmoja wa kweli ulikuwa umefungua lango lililomshinda yeye na mkoba wake.

Akaitundika mashine msumarini, akaandika kwa mkono wake:

"Mwanangu, nakuja kabla hujajifungua. Siku ya hamsini na tisa nitakuwa njiani kurudi. Waambie majirani watafute kinyozi."

Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja, akaenda posta na kuitumbukiza sandukuni.