Vidonge Vilivyopata Moto

Chiriku, msichana wa darasa la tano aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni na kumwamkia bibi yake kama kawaida. Siku hiyo alikuwa amepitia duka la dawa kumchukulia bibi vidonge vya maumivu ya mgongo. Akaweka kichupa cha plastiki kando ya jiko lililowaka, akakimbilia nje kuruka kamba na wenzake.

Aliporudi, kichupa kilikuwa kimelegea upande mmoja na vidonge vimegandana. Akavibandua upesi, akavitia kwenye kichupa cha zamani. Kile kilichoharibika akakifukia kwenye taka.

Tangu hapo hakutulia. Alikaa, akasimama. Alifagia palipokwisha kufagiliwa. Mama yake, fundi cherehani, akainua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Mbona leo kimya hivyo?"

"Hamna kitu, mama."

Jua lilipozama, bibi akaomba maji. Akatoa kidonge, akakipeleka mdomoni.

"Bibi, usimeze," Chiriku alisema, akimshika mkono. Kisha akaeleza yote, bila kubakiza.

Mama hakugomba. Alichukua kichupa, akamshika Chiriku mkono, wakaliwahi duka la dawa kabla halijafungwa. Mfamasia alibonyeza kidonge kimoja kwa ukucha. Kikabonyea kama nta.

"Hiki hutengenezwa kigumu makusudi," alisema, "ili mtu asikisage ovyo, na dawa itoke tumboni kidogo kidogo. Kinachoishikilia ni polima, vijinyororo virefu visivyoonekana kwa macho, kama vya plastiki. Joto kali huvilegeza na kuvikatakata. Hapo dawa yaweza kutoka yote kwa mpigo. Dawa hii ni kali; ikizidi mwilini hupunguza pumzi, na bibi angeweza kushindwa kupumua."

Chiriku akavitazama vidonge. "Nami nilivificha."

"Ulivificha, lakini umesema mapema," mfamasia alimjibu.

Mfamasia akavizuia vidonge vile ili viteketezwe inavyopasa, akampa mama vingine.

Walipokaribia nyumbani, mama alimgeukia Chiriku. Akasema, "Mwanangu, dawa huwekwa pakavu, mbali na moto. Hilo umeshalijua. Lakini shika na hili: mficha maradhi, kilio humuumbua. Mficha kosa naye ni vivyo hivyo, ila kilio chake huangukia wengine. Ukiharibu, sema siku hiyohiyo."

"Nimesikia, mama."

Akatangulia ndani kumpelekea bibi maji.